Majani Yasiyo Yake

Kosa langu la kwanza katika kazi ya mimea lilikuwa kuupa mmea majani yasiyo yake. Sikukosea kwa bahati mbaya. Mikono yangu ilikuwa safi, gundi ilikuwa mpya, na nilijua ninachofanya. Nimelisimulia kosa hili mara chache maishani, na kila mara nimelipunguza kidogo, kama mtu anayekata kucha zake kabla ya kupeana mkono na wakwe. Mwezi uliopita nilikwenda Sumbawanga kumzika Mama Oresta. Tulikuwa tumekaa kwenye majamvi nyuma ya nyumba ya binti yake, mtaa wa Kizwite, wanawake wakipepeta mchele wa chakula cha mchana. Oresta mwenyewe, huyo binti, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, alinitazama, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye yule aliyemvika bibi harusi kanga za jirani." Wakacheka, msiba na yote. Hata kijana mmoja ambaye hakuwa amezaliwa wakati ule alicheka, maana yake hadithi alikuwa ameisikia. Nikaona kama wao wameitunza nzima miaka yote hii, si haki mimi kuendelea kuipunguza.

Mwaka ule, ambao watu wa Ufipa wanaukumbuka kwa kuhamishiwa vijijini, nilikuwa muuza duka wa Mzee Salum mjini Sumbawanga. Alinipa stoo ya nyuma nilale. Mpaka leo nikisikia harufu ya sabuni ya mche na mafuta ya taa kwa pamoja, naiona stoo ile: dirisha dogo lenye nondo tatu, kitanda cha kamba, na magunia ya chumvi yaliyopangwa hadi usawa wa kifua. Chini ya magunia yale ndipo nilipokaushia mimea yangu, ndani ya magazeti ya zamani, katikati ya mbao mbili za sanduku la chai. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, nilichopewa na sista mmoja wa misheni kwa sababu panya walikuwa wameshaanza kukila, na nilikisoma nikiwa na kamusi magotini. Kulikuwa na sentensi moja niliyoipigia mstari. Ilisema sampuli nzuri ina mzizi, shina, majani na ua, na tunda pia, ikiwezekana. Niliisoma kama amri za kanisani. Lile neno "ikiwezekana" nililiruka.

Nilikuwa kijana mwenye hofu. Nikiandika lebo na herufi moja ikapinda, niliichana nikaanza upya, hata mara tano. Jani lenye tundu la mdudu nililitupa, kana kwamba mdudu alikuwa amenila mimi. Asubuhi kabla ya kufungua duka niliyatoa magazeti yote kuyabadilisha, nikagusa kila mmea kuona kama una unyevu, nikayarudisha, kisha nikayatoa tena kuhakikisha. Bi Zuhura, mke wa Mzee Salum, alikuwa akiniletea uji wa ulezi kwenye bakuli la bati na kusimama mlangoni akinitazama.

"Ponsi, hizo nyasi zako zinalala vizuri kuliko wewe," alisema. "Zina godoro la magazeti, zina blanketi la chumvi. Wewe je?"

"Mwache," Mzee Salum alijibu kutoka dukani. "Wenzake wanakunywa pombe."

Mvua za kwanza zilipoanza, akaingia dukani mtu mfupi mwenye viatu vilivyojaa tope, akaomba betri za tochi. Wakati namtafutia, aliona ncha za magazeti zikichungulia chini ya chumvi, kwa kuwa mlango wa stoo ulikuwa wazi. "Hapa mnauza nini kingine?" aliuliza. Mzee Salum akasema, "Hayo ni ya kijana. Hayaliwi wala hayauzwi." Mtu yule alikuwa Dokta Semkiwa, mtaalamu wa mimea kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Aliingia stoo akachuchumaa, akafungua magazeti yangu moja moja, kwa muda ambao ulitosha mimi kulowa jasho mgongo mzima katika mji unaojulikana kwa baridi. Mwisho akaniuliza kama ningeweza kumkusanyia maua ya nyanda za juu mvua zote, niyatume kwa basi, na mwishoni mwa msimu angerudi kuamua kama anichukue niwe msaidizi katika chumba chao cha mimea mikavu. Chumba kizima, alisema, makabati hadi darini. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyolitaka lile kabati la kwanza nililoliwaza.

Kutoka mjini, ukipita Malangali na kuendelea saa tatu kwa miguu, kulikuwa na bonde la majani lisilo na mti, ardhi yake nyeusi na yenye maji chini ya miguu. Mwezi wa pili wa mvua lilichanua. Maua yale vitabu huyaita okidi, lakini wanawake wa pale hawakujali sana ua. Walijali viazi vidogo vilivyo chini yake, ambavyo hukaushwa, hutwangwa na kupikwa na karanga mpaka vigande kama mkate laini, chakula kiitwacho chikanda. Viazi havichimbwi wakati wa maua kwa kuwa bado ni vichanga. Kwa hiyo walikuwa na desturi yao: mvua zikiwa kali walipita bondeni wakitoka shamba, na kila mwanamke alifunga fundo la nyasi kwenye shina la ua alilolitaka. Ua likianguka na nyasi zikirefuka, fundo linabaki. Kila mmoja alikuwa na fundo lake, na hakuna aliyegusa la mwenzake. Nilimkuta Mama Oresta akifunga lake, mara mbili kwenda kulia na mara moja kwenda kushoto. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, jembe begani hata alipoinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye wa magazeti? Tumesikia. Wanasema unalaza majani kitandani, wewe unalala chini."

Wenzake wakacheka. Nilikuwa nimeshapata ua la rangi ya chungwa, zuri kupita yote niliyowahi kuona, shina moja limesimama kutoka kwenye udongo mtupu. Ila halikuwa na jani hata moja. Nikazunguka, nikapiga magoti, nikaanza kupekua nyasi.

"Unatafuta nini tena? Ua si unalo," Mama Oresta aliuliza.

"Natafuta majani yake, mama."

"Hana."

"Kila mmea una majani."

"Huyu amekuja kutembea. Nguo zake ameacha nyumbani."

"Lakini mama, kila mmea una majani," nilirudia, kwa sauti ya mtu aliyesoma kitabu kisicho na kurasa za mwanzo.

"Haya, mwalimu," akasema, wakaondoka.

Hatua moja kutoka pale palikuwa na jani pana, la mviringo, limelala chini kama sahani. Nililing'oa. Njia nzima kurudi mjini nilijiambia kwamba lilikuwa karibu mno, haliwezi kuwa la mmea mwingine. Stoo, nilipoweka lile ua juu ya karatasi, sehemu ya chini ilibaki nyeupe, na weupe ule ulinichoma kama vile mtu ameingia kanisani bila shati. Nikaliweka jani. Kwa kuwa shina lilikuwa limekatika pale nilipong'oa, nililishikiza jani kwenye mkato wa shina kwa gundi na uzi mwembamba, kwa ustadi ambao mpaka leo unanitia aibu kuliko uongo wenyewe. Nikatengeneza karatasi mbili za namna hiyo. Moja niliituma, moja nikabaki nayo.

Barua ilirudi mwishoni mwa mvua. Dokta Semkiwa aliandika kwamba hajawahi kuona ua la namna ile likiwa na jani la namna ile, kwamba amelilinganisha na makabati yote, na kwamba huenda ni mmea ambao bado haujaandikwa na mtu yeyote. Alikuwa anakuja mwenyewe baada ya wiki mbili. Chini kabisa aliandika kwamba kama ni kweli, nifungashe vitu vyangu. Bi Zuhura alikaanga vitumbua. Mzee Salum alimwambia kila mteja, hata aliyekuja kuuliza kiberiti tu, kwamba kijana wake amevumbua ua. Mimi nilikula kitumbua kimoja, vingine nikavirudisha jikoni. Nilikuwa na furaha ya kweli, hilo nalikiri, na ndani ya furaha ile kulikuwa na kitu kinachozunguka kama panya aliyefungiwa ndani ya debe. Labda nilipatia, nilijiambia. Siku ya tatu niliichukua ile karatasi ya pili, nikaiweka kati ya mbao, nikaenda kumtafuta Mama Oresta.

Sikumkuta alikokuwa akiishi. Nyumba zilikuwa zimebaki kuta. Walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, viwanja vimepimwa kwa kamba, nyumba zinajengwa kwa mistari. Nitasema ukweli: mimi niliipenda ile mistari. Mama Oresta alikuwa akipika chini ya turubai, nyumba ikiwa bado miti mitupu.

"Wametupanga kama mahindi," alisema badala ya kunikaribisha. "Kaa pale, lakini usiegemee nguzo, tutaanguka wote."

Alikuwa anakoroga chikanda: unga wa viazi vya mwaka uliopita, karanga zilizotwangwa, pilipili, chumvi na maji ya magadi. Alikoroga mpaka mwiko ukasimama wenyewe, akafunika sufuria kwa bati na kuweka makaa juu ya bati. Akanikatia kipande cha jana, kimeiva kahawia pembeni na laini katikati. Nilikula nikiwa nimeshika mbao zangu magotini. Kisha nikazifungua.

Alifuta mikono kwenye kanga kabla ya kugusa gazeti. Alilitazama ua. "Huyu ni wetu," alisema polepole. "Rangi imekufa, lakini ni yeye." Kidole chake kikashuka kwenye shina, kikafika kwenye jani, kikasimama. "Na huyu mgeni amekuja kufanya nini?"

Akainua kichwa, akamwita jirani yake aliyekuwa akichota udongo. "Wifi! Wifi Kresensia, njoo uone! Ponsi amemvika bibi harusi kanga za jirani!"

Wifi Kresensia alikuja mbio, mikono yote udongo. Walicheka mpaka Mama Oresta akakaa chini. Mimi nilisema kitu cha kijinga, kwamba jani na ua vilikuwa karibu karibu.

"Mimi na wewe tuko karibu hapa," alisema. "Basi nimekuzaa? Hilo jani ni la dume. Kiazi chake ukikipika kinateleza kama mlenda, hakishiki hata uweke karanga gunia zima. Ndiyo maana hatulifungi fundo. Siku ile nilikuambia nini?"

"Uliniambia amekuja kutembea, nguo zake ameacha nyumbani."

"Ukajibu nini?"

"Kila mmea una majani."

"Basi, mwalimu." Lakini aliiona sura yangu, akaacha kucheka. Nikamweleza habari za Dokta, na kabati, na barua. Alisikiliza huku akiongeza makaa juu ya bati. "Twende kesho asubuhi," alisema. "Atakuwa amevaa sasa."

Kesho yake nilisikia trekta kabla sijaliona bonde. Lilikuwa linalima ukingo wa juu kwa ajili ya shamba la kijiji. Kule chini nyasi zilitufika kiunoni, na hapakuwa na ua hata moja. Mama Oresta alitembea akipapasa nyasi kwa mkono kama anayetafuta sindano kitandani, kisha akainama. Fundo lake lilikuwepo, kulia mara mbili na kushoto mara moja, kwenye kijiti kikavu kisicho na rangi. Pembeni mwa kijiti, upana wa vidole viwili, yalikuwa yametoka majani membamba, marefu, yenye mikunjo kama feni ya karatasi. Alichimba kwa vidole, taratibu, akainua kila kitu pamoja. Kijiti kikavu na majani mabichi vilishikana chini, kwenye kiazi kimoja. Hayakufanana kwa lolote na sahani yangu. Ni ajabu, lakini kabla aibu haijanipata nilisikia shangwe. Nilikuwa sijui kwamba mmea unaweza kuchanua kwanza na kuvaa baadaye.

"Chukua," alisema. "Lakini fundo usilifungue. Wamjue mwenyewe."

Siku zilizobaki kabla ya Dokta kufika nilikuwa na wazo moja, na nilishasema hapo juu kwamba hadithi hii siipunguzi. Trekta lilikuwa linashuka. Wiki moja zaidi na ningeweza kumwambia kwamba mmea ule ulikuwa pale, na sasa umelimwa. Karatasi ingebaki peke yake kuwa shahidi, na ilikuwa karatasi nzuri. Hakuna ambaye angejua isipokuwa wanawake wawili ambao hakuna mtu wa chuo kikuu angekwenda kuwauliza.

Alifika mchana wa Ijumaa, wakati Mzee Salum ametoka msikitini, na Bi Zuhura alikuwa amepika wali na kuku wa nazi iliyoletwa na lori kutoka mbali. Dokta alikuwa na furaha kama mtoto. Alikuwa amechora mmea wangu kwa penseli, akaiweka picha katikati ya sahani. Alikuwa ameichora sehemu ile ya gundi na uzi pia, kwa uangalifu, kama kiungo cha mmea. Kuona kosa langu limechorwa vizuri namna ile na mtu mkweli ndiko kulikonishinda.

"Dokta," nilisema, "majani si yake."

Alidhani ni unyenyekevu. "Una maana gani?"

"Niliyabandika mimi."

Mkono wake ulibaki juu ya sahani. "Kwa nini?"

"Karatasi ilikuwa na nafasi tupu."

Mzee Salum akakohoa. "Kijana alitaka kukufurahisha tu, Dokta."

"Hilo ndilo linalonitisha, mzee." Akanigeukia. "Nyingine ngapi?"

Swali hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kukiri moja, na ningeweza kukiri hiyo moja na kubaki mtu mwenye kosa moja. "Nne," nilisema, maana mimea mingine minne nayo nilikuwa nimeijazia pengo kwa namna ile ile. Bi Zuhura akatoa sahani yangu mbele yangu, ingawa sikuwa nimemaliza, kisha nadhani akajuta, akairudisha.

Baada ya chakula tuliingia stoo. Nilimwonyesha zote. Niliomba nizichane, akakataa. Akanipa penseli. "Hatuchani. Andika hapo ulichofanya." Nikaandika, kwa mwandiko uliopinda, mara moja tu. Kisha akaniambia kwamba hawezi kunichukua. "Si kwa sababu ulikosea. Sasa sijui niamini ipi." Alisimama kuondoka, na macho yake yakaangukia gazeti la pembeni, nililokuwa nimelifungua bila kutegemea chochote. Akachuchumaa tena.

"Hili fundo ni la nini?"

Alasiri ile alikaa chini ya turubai la Mama Oresta na daftari, akiuliza lipi hushika, lipi huteleza, nani alimfundisha, hufungwa lini. Kuna wakati aliacha kuandika akala tu. Mama Oresta akanitupia jicho. "Huyu Dokta wenu angalau anauliza," alisema. Kabla ya kupanda gari Dokta aliniambia nimwombe Mama Oresta mafundo kumi, yale ya upande wa chini ambako trekta halitafika kwa sababu ya maji, nikayatazame kila wiki mbili mpaka maua mengine. Niandike ninachokiona. "Na usichokiona," alisema. "Hasa hicho." Hakuahidi kitu.

Kwa hiyo mwaka ule uliobaki nilikuwa muuza duka siku za kazi, na Jumapili baada ya misa nilikwenda bondeni. Majani yalinyauka. Upepo wa Juni ulipoanza kukata masikio, niliandika "hakuna kitu juu ya ardhi", na wiki mbili baadaye nikaandika hivyo hivyo tena. Mwanzoni yaliniuma maneno yale. Niliona kama nimetembea saa tatu kwenda kuandika aibu yangu. Nadhani ilikuwa Agosti, nimekaa kwenye nyasi zilizoungua, nilipogundua kwamba nangojea kwa hamu badala ya hofu. Mafundo matatu yaliungua na moto. Niliandika matatu yameungua. Mvua zilipokuja, ua la kwanza lilisimama kwenye majivu, uchi, rangi ya chungwa. Nililikausha chini ya chumvi, nikaliweka juu ya karatasi, na nusu ya chini nikaiacha nyeupe. Nilituma pamoja na lile la fundo na daftari zima. Jibu lilikuwa neno moja: "Njoo." Mama Oresta alinisindikiza hadi kituo cha basi na chikanda kwenye jani la mgomba, akaniambia nisimpe dereva.

Nilifanya kazi katika chumba kile mpaka nilipostaafu. Mmea wetu haukuwa mpya. Ulikuwa umeshaandikwa zamani, ila hakuna aliyekuwa ameandika majani yake yanakuja lini. Kwenye karatasi ile, mahali pa jina la mkusanyaji, yapo majina mawili, na la kwanza si langu. Ile karatasi ya gundi ipo pia, kabati moja, na maneno yangu ya penseli. Bonde sasa ni mahindi karibu lote. Oresta aliniambia msibani kwamba viazi hivi leo huchimbwa kokote vinakoonekana, hata vichanga, vikapita mpakani Kasesya kwenda Zambia kwa magunia, na kwamba wasichana hawajui tena kufunga fundo. Nikamwomba anionyeshe fundo la mama yake, kwa kuwa nilitaka kuhakikisha kama nalikumbuka. Nilikuwa nimekosea upande mmoja. Nikaliandika upya.

Mimi bado nina hofu, na bado naandika lebo taratibu mno. Lakini tangu mwaka ule sijaongeza jani. Nisipoyaona, naandika: majani sikuyaona.